Meno ya Setareki

Setareki anaziba pancha kando ya soko la Nausori, na mbele ya kinywa chake palikuwa na pengo la kupitisha kidole. Meno manne aliyapoteza kwenye mechi ya raga ya wazee, alipogongana na kichwa cha mchungaji. Tangu siku hiyo alikuwa anapiga miluzi. Kwaya ikiimba "Msifuni", yeye anatoa sauti ya birika lililochemka. Mwalimu wa kwaya akamwambia wazi: meno kabla ya mashindano ya Agosti, ama abaki nyumbani.

Fedha ya meno ya bandia alikuwa nayo. Shida ni sisi ndugu zake. Kwetu Fiji ndugu akikuomba kitu unacho, unampa, na ukikataa utasemwa hadi siku ya maziko yako. Fedha ya kwanza aliificha kwenye kopo la biskuti, Apenisa akaiomba. Apenisa ni binamu yake wa utani, na ana pua ya mbwa kwa fedha ya wengine.

Basi Setareki akaiweka kwenye zile sarafu za mtandao, ndani ya simu. Apenisa akaomba tena. Setareki akabonyeza oda ya papo hapo, ile inayouza sasa hivi kwa bei yoyote iliyopo. Hiyo naijua vizuri. Ni mimi Jumamosi jioni, basi la kwetu limeshawasha injini na mafungu yangu ya magimbi bado yapo: anayepita anachukua kwa anachotoa. Akapunjwa, kisha kilichobaki akampa Apenisa.

Alipojaza tena akapata akili. Kuna oda nyingine, ya bei maalumu. Unaandika bei yako kama mimi ninavyoandika kwenye kipande cha boksi, unakaa kimya, asiyeiweza na apite. Na mali ikishakaa kwenye oda hiyo inafungwa, huwezi kuigusa mpaka iuzwe au uifute. Setareki akaandika bei ya kichaa, ya kununua kisiwa na samaki wake. Kila aliyemwomba alionyeshwa simu. "Ningekupa, ndugu yangu, lakini ipo kwenye oda." Na hakuwa anadanganya.

Tulipumzika kuomba kwa miezi kadhaa. Kisha Apenisa akaenda kuuliza vijana wa duka la simu.

Jumapili moja baada ya ibada tulikaa mkekani kwa Setareki, kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, inazunguka. Apenisa akajisogeza, mpole kama paka aliyekula kifaranga.

"Binamu, leo siombi hela."

"Unaomba nini?"

"Naomba uifute ile oda. Basi."

Watu wakaangua kicheko mpaka bakuli likatikisika. Setareki angesema nini? Kufuta oda ni kitu anacho. Akaifuta, uso umemshuka. Apenisa akafungua mdomo aombe la pili, lakini mkewe Setareki, Vilisi, aliyekuwa anagawa kava, akamshika mkono na kumpa kifuu kilichojaa pomoni. Ukipewa kifuu unapiga kofi, unakunywa chote, na hakuna kuongea mpaka kiishe.

Setareki akaona mwanya. Kuna oda ya tatu, ya kukinga hasara: inalala, bei ikishuka mpaka pale ulipoandika ndiyo inaamka na kuuza. Alitaka kuifungia mali humo. Ila kwa kiherehere akaweka bei ya chini kwenye oda ya bei maalumu. Niambie wewe, ukiandika kwenye boksi bei ndogo kuliko ya soko zima, magimbi yatakaa? Simu ikalia. Imeuzwa yote. Sasa ni dola tupu, hazina pa kujificha.

Apenisa alikuwa nusu ya kifuu, macho yamemtoka, koo linafanya kazi kama pampu.

Vilisi hakuinua hata sauti. "Mume wangu, naomba hiyo hela yote."

Akapewa. Apenisa alipomaliza kunywa aliweza kucheua tu.

Agosti Setareki aliimba mstari wa mbele, meno yanang'aa kama vigae vya choo kipya. Hatukushinda, lakini hatukupigiwa miluzi.

Wiki iliyofuata Apenisa akaja sokoni, tukiwa tumekaa sote. Alikuwa na harusi ya kwenda, na yeye pia ana pengo.

"Binamu, naomba hayo meno. Jumamosi tu."

Setareki akafunga mdomo kama chaza, akamtazama mkewe.

"Si yake," Vilisi akasema. "Hela niliomba mimi, meno ni yangu. Yeye nimemwazima."

"Basi nakuomba wewe, shemeji."

Vilisi akachukua kipande cha boksi kutoka kwenye fungu langu, akakigeuza nyuma, akaandika bei. Sifuri zilifika ukingoni.

"Ningekupa, shemeji," akamwambia, "lakini yapo kwenye oda."