Jina Kwenye Stilo ya Mwalimu

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya majivu na mawese, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, natengeneza saa na stilo, yaani kalamu za wino, sokoni Rumonge, katika kibanda cha Mzee Shabani, fundi aliyenifundisha kazi. Mzee alikuwa amekwenda msibani Gitaza, akaniachia kibanda kwa siku tatu. Basi nikajiona fundi kamili.

Asubuhi akaja Mama Neema, mwenyeji wa Nyanza-Lac, aliyekuwa amerudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Akafungua kitambaa, akatoa stilo ya wino ya zamani.

"Ilikuwa ya marehemu baba, alikuwa mwalimu," akasema. "Wino hautoki. Naomba tu iandike."

Niliitambua mara moja ni ya aina gani. Nibu, ile ncha ya kuandikia, ya dhahabu, mwili wa mpira mgumu, kijiti cha pembeni cha kuvutia wino. Nikamweleza yote hayo, kwa maringo kidogo, naye akanisikiliza kwa adabu. Swali hata moja sikumuuliza.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kifuko cha wino cha ndani kilikuwa kimekauka na kuvunjikavunjika, nikakata mpira mwembamba nikatia kingine. Nibu nikailoweka kwenye maji baridi mpaka wino mkavu ukalegea. Jioni ya siku ya pili stilo ikaandika vizuri kabisa. Hapo ndipo ilinipasa kuiweka chini.

Lakini mwili wake ulikuwa umefifia, una rangi ya kahawia na mikwaruzo. Na sisi watu wa huku ziwani unatujua, chombo kisichong'aa tunakihesabu kichafu. Nikafanya kama mama zetu wanavyofanya na sufuria ufukweni: majivu, mchanga laini, kisha tone la mawese. Nilisugua kwa moyo wote. Ikatoka nyeusi, inameta, nikaipenda.

Siku ya tatu Mzee Shabani alirudi, na Mama Neema akaja kuchukua stilo yake. Nibu hakuitazama. Alipitisha kidole gumba kwenye mwili wa stilo, akaigeuza, akapitisha tena.

"Jina la baba liko wapi?"

"Jina gani, mama?"

"Alilichora mwenyewe kwa sindano. Daftari zake zote ziliungua tulipokimbia. Mwandiko wake mwingine sina."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Jaribu kuandika, mama, inaandika vizuri sana." Leo mimi ni mzee mwenye wajukuu, na neno hilo bado linanitia aibu.

Mzee Shabani akaichukua stilo. Akasaga kipande cha chaki, akapaka unga wake kwenye mwili wa stilo na kifuniko chake, akapangusa taratibu, akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Chaki hubaki ndani ya mikwaruzo, hata ile ambayo jicho haliioni. Haikubaki popote, ila chini ya kibanio cha kifuniko, mahali ambapo kitambaa changu hakikufika. Hapo palikuwa na herufi moja nyeupe, imeinama kidogo. Ilikuwa M, ya kwanza ya jina la mwalimu.

"Mutoto wangu," Mzee akaniambia, "kabla ya kusugua, ulimuuliza mwenyewe?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa ulikuwa unatengeneza stilo ya nani?"

Mama Neema alikuwa ameweka kidole juu ya ile herufi. "Aliinamisha hivi kila M," akasema, akilia kidogo. Kisha akafunga stilo kwenye kitambaa, akatuambia murakoze, mimi pamoja na Mzee. Ile shukrani iliniuma kuliko matusi.

Tangu siku ile, stilo yoyote ikiletwa kwangu, naanza na chaki na maswali. Nawe, mwanangu, ukikabidhiwa kitu cha mtu, au nyumba yake, au mzazi wake mgonjwa, usianze na ufundi wako. Muulize kwanza nini hataki kiguswe, kisha mtazame anapokishika kidole chake kinaenda wapi. Pale upaache.

Mungu akupe mikono yenye subira, na kila ulichopewa ukitengeneze, kirudi kwa mwenyewe akitambue.