Kijani cha Siku ya Nne

Mama Chaza hakuamini kitu mpaka akiangalie juani. Hata maji. Kwa miaka ishirini na sita alichota maji ya mlango wa mto kwa chupa ya glasi, akaiinua, akakodoa jicho moja, ndipo akasema neno.

Hesabu ya siku za maji hayo alifundishwa na marehemu mumewe. Mvua ikinyesha bara, mto huteremka na udongo, samadi na majani yaliyooza. Siku za mwanzo ni tope tupu; jua halipenyi, hakuna kinachoota. Tope likitua, mbolea ile hubaki majini, na mimea midogo isiyoonekana kwa jicho huchipuka kwa mamilioni. Kufika siku ya kumi maji ni ya kijani, na chaza aliowafuga vikapuni huyachuja mchana na usiku wapate chakula. Baada ya miezi miwili, ganda halifungi kwa unono. Miaka ile hakuna aliyehitaji kubishana na mnunuzi: chaza walijisemea wenyewe.

Mwaka huu kijani kiliingia siku ya nne.

Shemeji yake, mshirika wake katika vikapu vile, alifika akichekelea. "Umeiona neema, shemeji? Kijani cha mapema hivi hata kaka hakukiona! Tutavuna chaza kama viatu."

"Viatu vya maiti."

"Wewe tangu uolewe kwetu unaogopa hata maji ya kuoga."

"Nuka mwenyewe, mimi usinihusishe. Hebu nusa hii."

Shemeji akanusa chupa. Uso ukamkunjamana.

Huko juu, kando ya mto, mashamba makubwa yalikuwa yakimwaga mbolea ya magunia, na mvua ilikuwa imeisomba. Mkono wa pili wa mto ulikwisha kufa hivyo mwaka juzi. Mpima maji aliyekuja wakati huo aliwaeleza: mimea ikizidi, hufa kwa wingi, huzama na kuoza, na kuoza huko hula hewa ya majini. Chaza hana miguu ya kukimbilia.

"Tuhamishe vikapu nje, mkondoni, leo hii," alisema Mama Chaza.

"Kule maji meupe, hayana chakula! Watanenepa lini?"

"Miezi mitano."

"Na mnunuzi?"

"Atangoja. Mzoga hanunui."

Shemeji akashika mmoja wa miti iliyofungiwa kamba za vikapu. "Kaka alisimika miti hii kwa mikono yake."

Mama Chaza alikumbuka asubuhi ile: maji kiunoni, mume ameshikilia mti, yeye na nyundo iliyokaribia vidole vya mume, na sauti ile ikisema, "Piga mti, mke wangu, mimi nimeshakuoa." Walicheka mpaka mti ukapinda. Bado ulikuwa umepinda. Aliutazama kitambo, zaidi ya alivyokusudia.

"Kaka yako alisimika hapa kwa sababu chakula kilikuwa hapa," alisema. "Angekuwa hai, saa hizi angekuwa ameshafika mkondoni na vikapu, sisi tunamwita kwa mbali. Basi tugawane. Vyangu vinahama, vyako vibaki na miti ya kaka. Ila chaza wako wakifa, usije kwangu na kilio."

Shemeji alikuna kidevu. Alitazama mto, akatazama maji, akanusa tena chupa kana kwamba huenda harufu ilikuwa imebadili nia. Kisha akakunja suruali, akaingia, akaanza kufungua kamba za vikapu, kimoja baada ya kingine.

"Hicho kikapu ni changu," alisema Mama Chaza.

"Najua. Changu nimeshakifungua."