Dawa za Watu Wawili

Mwaka ule mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alianza kukohoa. Alikuwa mkaanga vitumbua pale Dunda, na aliishi na virusi vya Ukimwi miaka mingi bila kuumwa. Kliniki walishamwambia havionekani tena kwenye damu. Ndipo akaolewa mke wa pili na fundi cherehani, mwanamume mpole. Mama mdogo alimweleza kila kitu kabla ya ndoa, naye akakubali.

Siku moja niliitwa kumsindikiza kliniki. Nesi alitazama karatasi ya vipimo, akamtazama yeye.

"Mama, virusi vimepanda sana. Dawa unameza?"

"Nameza."

Njiani nilimbana. Mwishowe akasimama kivulini, akafungua mkoba. "Nameza leo, kesho anameza mume wangu. Alijipima nyumbani, akajikuta anavyo. Si mimi niliyempa, mwanangu, nesi alishaniambia visivyoonekana haviambukizi. Alikuja navyo."

"Kwa nini asiende kuchukua zake?"

"Kila mwanamume wa mtaa huu amepimwa kanzu na yeye. Anaona haya."

Nilimuuliza kama bi mkubwa, mke wa kwanza aliyeko Lugoba, anajua. Alifunga mkoba, akatangulia. Nilijua yule mama ni mjamzito, kwa sababu baba mdogo mwenyewe, yule fundi, alitutangazia kwa furaha wakati wa Idi.

Jioni nilimfuata kwenye cherehani. "Shikamoo baba mdogo. Kesho twende Lugoba wote. Usipokwenda, naenda peke yangu." Alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona, lakini mshono ulikwenda upande.

Bi mkubwa alitupokea vizuri, akatuwekea chai. Tumbo lilikuwa kubwa. Alikaa kwa kushika ukuta. Mumewe alikuwa anatazama mkeka tu. Bi mkubwa akanigeukia.

"Kuna msiba?"

Nilisubiri baba mdogo aseme. Alisema, kwa sauti ndogo sana, na yule mama hakulia. Alisema tu kwamba mimba ilipokuwa changa alipimwa, akaambiwa yuko salama.

"Basi twende ukapimwe tena," nikasema.

Safari hii hakuwa salama. Nesi hakutuficha kwamba maambukizi mapya kwa mjamzito ni hatari zaidi kwa mtoto. Bi mkubwa alianzishiwa dawa siku ileile, na mumewe naye akaandikishwa, mchana, mbele za watu.

Mtoto alizaliwa wa kike, akapewa dawa ya maji tangu siku ya kwanza. Kipimo cha kwanza kilikuwa safi, lakini ananyonya bado, na nesi anasema tusihesabu kuwa yuko salama mpaka aachishwe. Mama mdogo alibadilishiwa dawa, maana za zamani virusi vilishazizoea. Kikohozi kimepungua, mwili haujarudi. Bi mkubwa hajawahi kunilaumu. Ila mtoto akipata homa hunipigia simu, hata salamu hatoi.

"Amechemka tena," husema, kisha namsikia anavyopumua, akinisubiri niseme neno.