Nani Alimaliza Muthokoi wa Susu?

Kuna Jumamosi moja mjini Kitui ambayo haijanitoka moyoni, mdogo wangu. Ningekuita mwanangu, jinsi Susu, nyanya yetu, anavyotuita sote, lakini umri wangu hauniruhusu, na neno hilo nimelipima tangu asubuhi. Nimesikia umenunua kamera na unataka kutengeneza filamu huko kwenu Mutomo. Kabla hujamwelekezea mtu kamera hiyo, nisikilize.

Kijana mmoja wa mjini aitwaye Musyoka alifika kwa Susu, Matinyani, na wenzake. Walisema wanatengeneza filamu ya wenyeji kwa jasho lao, bila tajiri nyuma yao. Susu alifurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliwapikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, sufuria nzima, wakala wakakwangua hadi ukoko. Kisha Musyoka akamwomba aketi mlangoni kando ya sufuria ile, ainame, anyamaze. Susu alidhani wanataka kuonyesha jinsi wageni wanavyoshibishwa kwetu.

Jumamosi ile ya kuonyeshwa filamu mjini Kitui tulitoka mapema, tukazunguka madukani kwanza, maana Susu alikataa kuonekana na kitambaa cha zamani kichwani. Tuliingia kwa Mama Halima, Msomali anayemuuzia nguo tangu wazazi wetu wakiwa wadogo.

"Leo mteja wangu ni staa!" Mama Halima alisema. "Chukua hii nyekundu, wakuone mpaka nyuma."

"Nyekundu ni ya kina Mwende wanaotafuta mabwana," Susu alijibu, akininyooshea kidole. "Mimi nipe ya kijani."

Ukumbini tulikaa mbele. Nyuma yetu walikuwa majirani na wanawake wa kanisa lake. Baba yako, mjomba wangu, ambaye ndiye mwanawe wa kiume wa pekee na ndiye aliyemjengea nyumba ile, alikuwa amesafiri kutoka Mutomo makusudi aje kumwona mamake.

Susu akatokea kwenye filamu, ameinama, sufuria tupu miguuni pake. Sauti ikasema, "Mama huyu alitelekezwa na mwanawe. Hajatia kitu tumboni tangu juzi."

Ukumbi uliguna. Vichwa viligeuka kumtafuta baba yako, naye akainamisha uso kama mwizi. Mtu ambaye hata mwaka mbaya wa ukame hakumwacha mamake alale njaa!

Nilikasirika sana. Hata hivyo, nilianza kupanga maneno. Nianze na pongezi au na swali? Nikisema "uongo," nitaonekana mshamba?

"Mwende," Susu alininong'oneza, "hiyo digrii bado inatafuta maneno? Mtu akimtukana mzazi wako, unamwandalia hotuba?"

Taa zilipowashwa, mwanamke mmoja alitoka mbio hadi duka la jirani, akarudi na pakiti ya unga, macho mekundu, akaiweka mapajani mwa Susu. "Pole, mama. Mungu anakuona." Huyo simlaumu. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Aliyeyapata kwa hila ni mwingine.

Susu alisimama na ile pakiti, akamwendea Musyoka, ambaye bado alikuwa akipigiwa makofi.

"Musyoka, siku ile sufuria yangu ilikuwa tupu kwa nini?"

"Susu, hiyo ni sanaa tu. Tulitaka iwaguse watu."

"Sikuuliza sanaa. Nani alimaliza muthokoi?"

Musyoka alimtazama mpiga picha wake, kisha akajibu.

"Ni sisi, Susu."

"Sema kwa sauti. Mwanangu ameketi pale."

"Ni sisi!"

Wengine walicheka, wengine wakafyonya. Susu akamtia pakiti mikononi. "Basi huu unga mpelekee yule mama uliyemtunga. Mimi nilikula." Akamshika baba yako mkono, wakapita katikati ya watu polepole, kitambaa cha kijani kikionekana mpaka nyuma.

Musyoka aliahidi kuikata sehemu ile. Nitaamini nikiona. Hasira yangu haijapoa, wala siipozi. Kwa nini kila ajaye Ukambani na kamera hutafuta sufuria tupu? Ukame tunaujua, na wenye njaa ya kweli wapo, nao wana haki ya kuulizwa. Lakini kumvisha njaa mtu aliyekulisha! Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke, ila punda hajasomea filamu.

Mdogo wangu, uso wa mtu huazimwa, hauchukuliwi. Mwambie mwenyewe unaupeleka wapi, na aone ulichofanya nao kabla ya watu wengine. Ukilishwa, chakula hicho usikifiche. Na siku utakaposikia mzazi wako akisingiziwa, simama kwanza. Maneno yatakukuta umesimama. Hilo nilifunzwa na Susu, na ningali najifunza.

Mungu aipe kamera yako macho ya mtoto aliyelelewa vyema. Popote utakapobisha hodi ukute sufuria imejaa, na ukisharudi kwako, usisahau nani aliyekupakulia.