Mwani Uliopikwa Mafinga

Enzi zetu pale Mafinga, bahari tuliijua kwa ramani tu. Asubuhi za mwezi wa sita nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi, tunakwenda shule na viazi vya moto mfukoni, vya kupasha vidole kwanza na kuliwa baadaye. Mama akitusikia tunanung'unika bombani, alifoka, "Maji hayang'ati, ogeni!" Yalikuwa yanang'ata, jamani.

Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa mtu wa Tanga, anavaa sweta mbili mwaka mzima. Akirudi likizo alituletea mwani mwekundu mmoja, mkavu, mdogo wa kuenea kiganjani, kaufunga kwenye gazeti. Tulipanga foleni kuunusa. Alitufundisha kuutambua: hauna mizizi, una kishikio cha kung'ang'ania mwamba, hauna majani wala maua, ni vijitawi vyembamba tu, na rangi yake ndiyo hiyo, nyekundu. Kesho yake tulikuwa na jaribio la vitendo, na kielelezo kilikuwa hicho kimoja.

Zamu ya kuuloweka ulainike ilimwangukia rafiki yangu Neema. Maji ya ndoo yalikuwa baridi ya kuuma mifupa, naye, kwa huruma zake, akaenda jikoni akachota maji ya chai yanayochemka, akaumwagia. Tulipochungulia beseni, mwani ulikuwa wa kijani kama mchicha. Neema alilia. Fimbo ya mwalimu tuliijua, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba darasa zima lingekosa jaribio kwa sababu yake.

"Nani kanipikia mwani?" mwalimu aliuliza.

"Ni mimi, mwalimu. Niliuonea huruma, maji yalikuwa ya baridi mno."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa juu ya dawati. Kisha akatuita tusogee. Ule ukijani, alisema, ulikuwamo siku zote, kama kwenye majani ya mahindi yetu. Wekundu uliufunika tu, nao kazi yake ni kunasa mwanga hafifu unaofika chini ya maji. Moto umeufukuza huo wekundu. Akamsimamisha Neema atueleze upya. Alieleza machozi hayajakauka, na sote tukaelewa. Nilifurahi siku ile kama nimefaulu mimi.

Siku hizi mwanangu anaelekeza simu kwenye picha, jina linatoka kabla hajamaliza kupiga miayo. Namwonea fahari, anajua mengi kutuzidi, ingawa kibaridi kidogo tu anadai hita. Mwani ameuona wa kila rangi. Ila hajawahi kuuharibu hata mmoja kwa mikono yake, akalia, kisha akaona ndani yake kulikuwa na nini.