Namba Niliyoikata kwa Kalamu

Nakumbuka asubuhi moja kule nyumbani Githongo ambayo mpaka leo, nikiwa peke yangu jikoni hapa Dallas, hunitia aibu. Mwanangu, umeniambia umeajiriwa kupima unyevu wa mahindi kwenye kiwanda cha unga. Hongera! Sasa weka hiyo simu chini unisikilize.

Nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu, najiona mimi ndiye mimi. Kiwanda cha kahawa kiliniajiri kupima unyevu wa kahawa ikiwa bado juani kwenye meza za kuanikia, kabla haijatiwa magunia. Kila meza nilipima sehemu kumi kwa mashine, nikaandika namba daftarini, nikatafuta wastani, nikaweka nukta kwenye chati ukutani. Chati ilikuwa na mistari miwili ya mipaka. Nukta ikitoka nje, kazi inasimama mpaka sababu ijulikane.

Siku hiyo meza ya nne ilinipa asilimia kumi na moja, kumi na moja na nusu, hivyo hivyo mara tisa. Ya kumi, kule pembeni, ikasoma kumi na tisa. Aa, hii mashine nayo! Nikaikata kwa kalamu, nikatafuta wastani wa zile tisa. Nukta ikakaa vizuri ndani ya mipaka. Lori lilikuwa linangoja, na mimi, nisikudanganye, nilikuwa na njaa.

Baada ya wiki mbili magunia ya meza hiyo yakaota ukungu stoo. Lawama zote zikamwangukia Karimi, mama wa watoto wanne aliyekuwa akigeuza kahawa ya meza ile. Wakasema ni mvivu, hageuzi. Akaambiwa Jumatatu asirudi kazini. Nami nilijua kuhusu ile namba, nikanyamaza siku mbili, hata Jumapili kanisani nikamsalimia harakaharaka na kumkwepa.

Jumatatu msimamizi wetu, Mzee M'Ikiara, akaitisha daftari. Kidole chake kikatua pale nilipokata.

"Hii ni nini?"

"Mashine ilikosea, Mzee."

"Ulipima tena hapo?"

"Hapana."

"Sasa ulijuaje imekosea?"

Akanipeleka kwenye ile pembe ya meza, akaniambia niangalie juu. Mfereji wa paa la stoo ulikuwa umetoboka, na kila baada ya mvua, meza zikishafunuliwa, maji yaliendelea kudondokea hapo hapo. Karimi angegeuza mpaka mikono ichubuke, wapi!

"Kahawa ilikuambia, ukaikatiza," Mzee akasema. "Nenda umwambie Karimi wewe mwenyewe."

Nilimkuta akipalilia maharagwe. Nikamweleza yote. Akaniangalia, akauliza tu, "Kumbe ulijua, na ukanisalimia Jumapili?" Afadhali angenitukana. Kesho yake alirudi kazini, lakini ile kahawa ya watu tuliitupa.

Basi, mwanangu, namba moja ikikataa kufanana na nyingine, usiikate. Pima tena palepale. Ikirudia, tafuta kinacholeta maji. Ukikuta ni kifaa kibovu, andika hivyo kando, na namba yenyewe uiache isomeke. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako.

Mungu akupe jicho la kuiona ile moja iliyo tofauti, na akupe moyo wa kuiacha daftarini hata lori likipiga honi. Haya, inuka uende. Lakini kunywa uji kwanza, wewe usiende kupima ukiwa na njaa kama mimi.