Siku Niliyomficha Mwalimu Mkuu Nyumbani

Ilinipasa kukataa siku ile Mwalimu Mkuu aliponitaka nimfiche nyumbani kwangu ili amsikie binti yangu akisema. Nilikubali. Nawaandikia ninyi walimu vijana mjue kazi yetu ilivyokuwa, na mimi nilivyoikosea.

Nilianza kazi ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema, katika shule ya udongo yenye paa la nyasi. Watoto waliandika kwenye vibao kwa kalamu za mawe. Siku ya kwanza Mwangalizi wa Shule, aliyetutembelea kwa baiskeli, alinikabidhi daftari la mahudhurio: mtoto akiitika jina lake unapiga mstari, asipoitika unaandika sifuri. "Usimhurumie mtu kwenye daftari," aliniambia. Niliyashika maneno hayo kuliko yote niliyofundishwa chuo cha ualimu Tabora.

Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Pili nilihamishiwa Mwanza mjini, tukakaa mtaa wa Igogo. Binti yangu Kabula alikuwa na miaka saba, nikamwandikisha darasa la kwanza katika shule niliyofundisha. Nyumbani hatukupata nafasi ya kusema mbele yake. Aliwaigiza wauza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, akamwigiza shangazi yake anavyopiga chafya, akaniigiza mimi ninavyotembea. Shuleni mdomo wake ulifungwa. Kwenye kibao alipata hesabu zote, lakini jina lake likiitwa alitazama vidole vya miguu. Wenzake wakamwita Bubu.

Mwalimu Mkuu, mtu wa haki na mkavu, aliniita.

"Mwalimu Masanja, mwanao ni bubu. Kuna watoto wanakililia kiti hicho, na Mkaguzi anakuja mwezi ujao. Nitalifuta jina lake."

"Si bubu, Bwana. Nyumbani anatushinda sote kwa maneno."

"Kila mzazi husema hivyo. Nitaamini masikio yangu mwenyewe. Nikaribishe kwako, asinione."

Mke wangu aliposikia aliacha kupepeta.

"Baba Kabula, mtoto huyu ana mahali pamoja tu pa kusemea. Usipachezee."

"Ni mara moja tu. Unataka afukuzwe?"

"Afukuzwe, mama yake nipo."

Sikumsikiliza. Jumamosi alasiri Mwalimu Mkuu aliketi kwenye kigoda nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Kabula alikuwa sebuleni akichambua mchele. Nikamwuliza, kwa sauti ya mzaha, "Haya, mama, jana shuleni kulikuwa na nini?"

Akaweka ungo chini, akasimama, akafunga mikono mgongoni na kutoa tumbo mbele, Mwalimu Mkuu mtupu. "Simameni! Kaeni! Nani huyo amekohoa? Nimeuliza, nani amekohoa? Basi, kohoeni wote!"

Pazia likacheka. Mwalimu Mkuu alitoka akijifuta machozi, kwa furaha ya kweli. "Kumbe! Kasuku mzima huyu! Kiti ni chako, binti yangu."

Kabula hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kisha akainama kuokota punje zilizomwagika.

Jina lake halikufutwa. Alimaliza shule bila kutamka neno darasani. Lakini tangu jioni ile nilikuwa nikimsikia akizungumza jikoni na mama yake, na nyayo zangu zikikaribia, kimya. Nilidhani ni hasira za kitoto. Nikamletea kashata, akazipokea kwa mikono miwili na kuwagawia wadogo zake. Baada ya miezi nikashika kiboko, nikamchapa mara tatu ili aseme nami. Alilia bila sauti.

Baadaye nilihamishwa tena na tena, nami nikawa Mwalimu Mkuu. Nilikutana na watoto wengine wa namna hiyo. Niliwaruhusu waitike kwa kunyoosha mkono, na niliwakataza walimu kuwavizia. Mmoja alianza kwa kumnong'oneza rafiki yake. Mwaka wa pili akasoma kwa sauti. Wazazi wake walinishukuru sana. Sikuwaambia nilikojifunzia.

Sasa nimestaafu. Kabula ameolewa Sengerema. Husema na mumewe, na wakwe zake, hata na wageni sokoni. Anapokuja kunisalimu hupiga magoti, hunishika mkono, na mwanawe mkubwa ndiye hunipa shikamoo na kunieleza habari za nyumbani kwao. Mke wangu alifariki, na siku ya mazishi mimi na Kabula tuliketi mkeka mmoja mchana kutwa. Tangu Jumamosi ile mpaka leo ninapoandika, binti yangu hajanisemesha hata neno moja.